Asilimia 56 mwaka wa kwanza, 63 mwaka wa pili: kipimo gani kiseme kama watumishi wamebadilika?

Tuchukue hospitali ya mfano hapa Dar es Salaam, ya ukubwa wa kati, iwe Temeke au Kinondoni haijalishi. Ina watumishi 420 mwaka 2023 na 430 mwaka 2024. Kila mwaka watumishi hujaza dodoso, na kati ya kauli zake kuna ile ambayo Mganga Mfawidhi huikimbilia kabla ya nyingine zote: "Ndugu yangu akiugua, ningeridhika atibiwe hapa." Mwaka wa kwanza walijibu 210, wakakubali 118, sawa na asilimia 56.2. Mwaka wa pili walijibu 230, wakakubali 146, sawa na asilimia 63.5. Zimepanda pointi 7.3. Katibu wa Afya anataka kuandika kwenye taarifa kwamba hali imeimarika.

Namba hizi nimezitunga mwenyewe, tena kwa makusudi. Kipimo kimoja halali kinasema ndiyo, hali imeimarika. Kingine, halali vilevile, kinasema hatuwezi kusema hivyo. Kwa hiyo ukiajiri mtakwimu halafu usimwambie unauliza nini hasa, atakujibu swali lake.

Jicho na "kanuni ya pointi tano"

Njia inayotumika kuliko zote ni kutazama tu. Hospitali nyingine zimejiwekea mpaka: tofauti ikizidi pointi tano, wekea mshale wa kijani, ikiwa chini ya hapo, acha kijivu. Ni rahisi, na kila mtu kwenye kikao anaielewa. Kasoro yake ni kwamba pointi tano hazina uzito mmoja kila mahali. Kwenye wodi yenye wauguzi 14, mtu mmoja akibadili jibu unapata pointi saba papo hapo. Kwenye utafiti wa nchi nzima wenye majibu 200,000 kila mwaka, nusu pointi tu, kutoka 60 hadi 60.5, inapita mtihani wa kitakwimu bila shida: thamani yake ya p, yaani uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kama kwa kweli hakuna kilichobadilika, ni takribani 0.001.

Hata hivyo sipendekezi kuitupa kanuni hii. Mpaka wa pointi unajibu swali la pili, ambalo majaribio ya kitakwimu hayaligusi: je, badiliko hili ni kubwa kiasi cha kutushughulisha? Wekeni mpaka huo kabla matokeo hayajatoka, kisha uende sambamba na kipimo kingine. Ukiwa peke yake hautoshi.

Kutazama kama vipindi vinapishana

Njia ya pili ni ya waliopitia semina. Kila asilimia inapewa wigo (au kipindi) wa uhakika wa asilimia 95, yaani kati ya mpaka wake wa chini na wa juu ndipo thamani halisi inapodhaniwa kukaa. Mwaka 2023 wigo ni 49.5 hadi 62.9, mwaka 2024 ni 57.3 hadi 69.7. Vinapishana, yaani kuna sehemu vinayoshiriki vyote viwili, basi tunaambiwa hakuna tofauti.

Sioni sababu ya mtu yeyote kuendelea kutumia njia hii. Vipindi visipopishana, ni kweli tofauti ipo. Vikipishana, hujajua lolote. Chukua mfano mwingine: mwaka wa pili wangekubali 152 badala ya 146, asilimia 66.1. Wigo wake ungeanza 60.0 kwenda 72.2, na bado ungepishana na ule wa mwaka wa kwanza unaofika 62.9. Lakini jaribio sahihi la tofauti linatoa p ya 0.033, chini ya mpaka uliozoeleka wa 0.05. Sababu ni ya hesabu tu. Makosa ya sampuli ya miaka miwili (makosa sanifu, yaani kiasi asilimia inavyoweza kuyumba kwa bahati ya sampuli tu) hayajumlishwi moja kwa moja. Unayapandisha kipeo cha pili, unajumlisha, kisha unatafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Makosa hayo yakilingana, kusubiri vipindi viachane kabisa ni kudai tofauti ya karibu mara 3.9 ya kosa sanifu la mwaka mmoja, wakati mara 2.8 ingetosha. Unakuwa umejifunga kamba bila sababu.

Mtu akikuletea chati yenye mistari ya wigo kwa kila mwaka, mwombe wigo mmoja: wa tofauti yenyewe.

Jaribio la makundi mawili: hapa ndipo pa kuanzia

Hili ndilo wengi hulifahamu kwa jina la kai-skwea, au jaribio la z la uwiano mbili. Kwa jedwali la safu mbili na mistari miwili yote hutoa jibu lilelile. Kwa alama za wastani, mfano alama ya ari ya kazi kati ya 0 na 10, mwenzake ni jaribio la t, lile ambalo William Gosset alilichapisha mwaka 1908 kwa jina la bandia "Student" akiwa mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin.

Uingereza, ambako shirika la afya la NHS limewauliza watumishi wake kila mwaka tangu 2003, na mwaka 2023 zaidi ya watu 700,000 walijibu, ripoti ya kila taasisi ina jedwali linalolinganisha alama za mwaka huu na za mwaka uliopita kwa jaribio la t la pande mbili, kwa kiwango cha asilimia 95. Pembeni ya kila alama unakuta imepanda kimaana, imeshuka kimaana, au tofauti haina maana kitakwimu. Nauona mtindo mzuri wa kuiga, hasa kwa sababu unamruhusu msomaji kukutana na neno "haina" mara nyingi bila aibu.

Kwa hospitali yetu, jaribio hili linatoa z (tofauti ikigawanywa kwa kosa lake sanifu) ya 1.56 na p ya 0.12. Wigo wa tofauti ni kutoka kushuka pointi 1.9 hadi kupanda pointi 16.4. Ukiniuliza, sentensi hiyo ya pili ina faida kuliko p peke yake. Inamwambia Mganga Mfawidhi kwamba data haipingani na kuwa hakuna kilichobadilika, na pia haipingani na kuwa hospitali imepiga hatua kubwa. Hilo ni tofauti kabisa na kusema "hakuna mabadiliko", ingawa kwenye taarifa nyingi p ya 0.12 hugeuzwa kuwa maneno hayo. Chama cha Watakwimu cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 likionya, pamoja na mengine, kwamba p haipimi ukubwa wa badiliko wala uzito wake, na kwamba uamuzi usiegemee tu juu ya kuvuka mpaka fulani.

Lakini tumewauliza nusu ya hospitali nzima!

Hapa ndipo ubishi ulipo, na hapa ndipo nakushauri ukae kidogo.

Kanuni za kawaida zinachukulia kwamba wahojiwa ni tone kutoka bahari. Hospitali yetu si hivyo. Wamejibu 210 kati ya 420, halafu 230 kati ya 430. Ukishawauliza nusu ya watu wote, mashaka kuhusu nusu iliyobaki ni madogo kuliko kanuni inavyodhani. Ndiyo maana kuna marekebisho ya idadi yenye kikomo: kosa la sampuli linapunguzwa kadiri ulivyofikia sehemu kubwa ya watu. Ukiyaweka hapa, z inaruka kutoka 1.56 hadi 2.24, p inashuka hadi takribani 0.025, na wigo wa tofauti unakuwa kupanda pointi 0.9 hadi 13.7. Sifuri imetoka nje. Katibu wa Afya ana haki ya kuandika sentensi yake.

Nani mkweli? Wote wawili, ila wanajibu maswali tofauti.

Ukifanya marekebisho, unauliza: kama watumishi wote 420 na wote 430 wangejibu, je, asilimia ya waliokubali mwaka 2024 ingekuwa juu ya ile ya 2023? Ni swali la hesabu ya watu waliopo. Ukisukuma mantiki hiyo hadi mwisho, wakijibu wote hakuna kosa la sampuli hata chembe, na hata tofauti ya mtu mmoja ni tofauti ya kweli.

Bila marekebisho, unauliza: je, kuna kitu katika namna hospitali inavyoendeshwa kilichobadilika, kiasi kwamba kundi jingine la watumishi, katika wiki nyingine, lingejibu vivyo hivyo? Watumishi wenyewe wanahama, wanastaafu, wanaenda masomoni Muhimbili, wanapangiwa kituo kingine. Mtu huyohuyo akijaza dodoso baada ya zamu ya usiku yenye wagonjwa wawili kitanda kimoja hajibu kama angejibu Jumatatu asubuhi. Ni kama mizani ya muuza samaki pale Feri ambayo sindano yake haitulii: kuijua kilo iliyosomeka sasa hivi hakutoshi kukuambia kilo itakayosomeka ukipima tena.

Msimamo wangu: taarifa inayokwenda kwa wafadhili au Wizara kueleza hali ilivyokuwa mwaka huo inaweza kutumia marekebisho, mradi iseme hivyo wazi. Lakini kama uamuzi unaofuata ni kuendeleza mpango fulani, mfano ratiba mpya ya zamu, kwa sababu "umefanya kazi", usiyatumie. Unadai chanzo kimebadilika, basi kubali mtikisiko wote wa sindano. Kwa kuwa kwenye vikao vyetu matokeo haya karibu kila mara huishia kwenye hoja ya aina ya pili, ningechagua kipimo kikali na kuandika: "Waliokubali wameongezeka kutoka asilimia 56 hadi 63, ongezeko hili bado linaweza kuwa la kubahatisha, tutalitazama tena mwaka ujao." Baya kuliko yote ni kukokotoa njia zote mbili kisha kuchagua ile iliyotoa jibu linalopendeza. Uamuzi huu uandikwe kwenye muhtasari wa kikao kabla ya dodoso kugawiwa.

Kuoanisha majibu ya mtu yuleyule

Watu wengi wanaojibu mwaka huu walijibu pia mwaka jana. Jaribio la makundi mawili halilijui hilo. Linawahesabu kama wageni. Kama una namna ya kuoanisha, unapata kipimo chenye nguvu zaidi kwa watu walewale. Kwa majibu ya ndiyo na hapana ni jaribio la McNemar la mwaka 1947, linalowatazama waliobadili mawazo tu. Tuseme watu 150 walijibu miaka yote miwili: 36 walihama kutoka kukataa kwenda kukubali, na 20 wakaenda kinyume. McNemar inatoa p ya 0.03. Ukiwachukulia haohao kama makundi mawili yasiyojuana, 85 kati ya 150 dhidi ya 101 kati ya 150, unapata 0.057.

Gharama yake ni imani ya watu. Kuoanisha kunahitaji alama ya utambulisho, na muuguzi akiona sehemu ya namba ya utumishi juu ya dodoso anajua la kufanya: atakubali kila kauli, au hatarudisha karatasi. Wengine hutumia alama ya kujitungia, kwa mfano herufi mbili za jina la mama na tarehe ya kuzaliwa bila mwaka. Inasaidia, ingawa wapo watakaosahau walichoandika, na kwenye idara ndogo tarehe ya kuzaliwa inajulikana na kila mtu. Halafu unabaki na waliodumu kazini miaka yote miwili. Walioondoka kwa kuchoka hawamo kabisa. Ningeitumia kwenye jaribio dogo la idara moja au mbili zenye watu wa kutosha. Kwa utafiti mkuu wa mwaka, acha kila mtu abaki bila jina.

Chati ya udhibiti

Mtakwimu wa Marekani Walter Shewhart aliibuni chati hii mwaka 1924 kwa ajili ya viwanda, na timu za uboreshaji huduma zimeipenda kwa sababu inazuia kiherehere cha kulinganisha miaka miwili tu. Unachora miaka yote, unaweka mstari wa wastani, na mipaka umbali wa makosa sanifu matatu kila upande. Wastani ukiwa asilimia 58 na wahojiwa 220 kwa mwaka, mipaka inakaa 48 na 68. Ile 63.5 iko ndani, hivyo haishangazi.

Kwa takwimu za kila mwezi, kama muda wa kusubiri dawa, sijui chombo bora zaidi. Kwa dodoso la mwaka mmoja mmoja linakuja tatizo la subira: kanuni moja ya chati hii hutaka pointi saba au nane mfululizo upande mmoja wa mstari ili useme kuna mabadiliko, na hiyo ni miaka saba au minane. Mganga Mfawidhi atakuwa keshahamishwa mara mbili. Ichore hata hivyo, kwa kuwa picha ya miaka mitano inanyamazisha kelele nyingi kikaoni. Kama mna uwezo, ulizeni maswali matano mafupi kila robo mwaka, na chati itaanza kuwa na faida mapema.

Dodoso lina kauli arobaini

Ukijaribu kauli 40 kwa mpaka wa 0.05, na hakuna hata kimoja kilichobadilika, bado utegemee mbili kujitokeza kuwa "za maana". Kama kauli hizo zisingehusiana, uwezekano wa kupata angalau moja ya uongo ungekuwa karibu asilimia 87. Na hiyo moja ndiyo itakayowekwa kwenye slaidi.

Kuna dawa mbili. Njia ya Bonferroni inagawa mpaka kwa idadi ya majaribio: 0.05 kwa 40 ni 0.00125, kali mno kwa hospitali yenye watu 400, itazika hata mabadiliko ya kweli. Benjamini na Hochberg, mwaka 1995, walitoa njia laini inayodhibiti sehemu ya matokeo ya uongo ndani ya yale uliyoyatangaza. Hiyo ndiyo ningeichukua kwa orodha nzima. Kabla ya hapo, chagueni kauli tatu au nne za msingi na mzipime kwa mpaka wa kawaida. Nyingine zibaki kuwa dokezo la kufuatilia.

Nani aliyejibu

Vipimo vyote hapo juu vinapima bahati ya sampuli tu. Havijui lolote kuhusu nusu ya watumishi ambao hawakujibu, na mara nyingi hapo ndipo makosa makubwa yanapolala. Angalia hesabu hii, ambayo mwaka wake wa pili nimeutunga upya. Mwaka wa kwanza kati ya 210 waliojibu, wauguzi walikuwa 140 na nusu yao, 70, walikubali. Kada nyingine walikuwa 70, wakakubali 48. Jumla 118, asilimia 56.2. Mwaka wa pili wauguzi walielemewa na kazi, wakajibu 100, na nusu walikubali vilevile; kada nyingine wakajibu 130 na 89 wakakubali, asilimia 68 kama mwanzo. Jumla ni 139 kati ya 230, asilimia 60.4. Zimepanda pointi nne na hakuna kada hata moja iliyobadili mawazo. Kwa hiyo linganisha kada kwa kada, au yape majibu uzito kulingana na idadi halisi ya kila kada kwenye orodha ya watumishi, kabla hujagusa jaribio lolote.

Tarehe nazo. Mei Mosi 2025 kilitangazwa kupandishwa kwa kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kwa asilimia 35.1, kuanzia Julai. Hospitali ya umma iliyogawa dodoso Aprili mwaka mmoja na Agosti mwaka uliofuata haipimi uongozi wake. Vilevile ukiuliza wakati wa masika, barabara zikiwa zimejaa maji na mtu ametumia saa tatu kutoka Mbagala, usilinganishe na Septemba. Na ukihama kutoka karatasi kwenda fomu ya simu, huo ni mwaka mpya wa kuanzia, hata kama maneno ya kauli hayakubadilika.

Wodi ndogo

Watano kati ya 12 mwaka jana, 10 kati ya 14 mwaka huu: kutoka asilimia 41.7 hadi 71.4, pointi karibu 30. Kai-skwea haifai sana kwa idadi hizi. Tumia jaribio kamili la Fisher, litakupa p ya 0.23. Hakuna hesabu itakayoinyoosha zaidi ya hapo. Usiweke asilimia, andika watu: "watano kati ya 12, sasa kumi kati ya 14", na wakiwa chini ya kumi usichapishe kabisa, maana watatambuana. Kisha Muuguzi Mfawidhi wa wodi aulizwe kilichotokea, kwa kuwa pengine anakijua.

Kwa vifaa, Excel inatosha kwa sehemu kubwa: tafuta z kwenye seli moja, kisha `=2*(1-NORM.S.DIST(ABS(z),TRUE))` inakupa p. Kwenye R, programu ya takwimu ya bure, `prop.test(c(118,146), c(210,230), correct=FALSE)` inatoa p na wigo wa tofauti kwa mpigo. Usipoandika `correct=FALSE` programu huongeza marekebisho ya Yates (si yale ya idadi yenye kikomo) yenyewe na p inakuwa kubwa kidogo kuliko ya Excel; `mcnemar.test` nayo ina tabia hiyohiyo, kwa hiyo ofisi mbili zikitofautiana, anzeni kukagua hapo.